Miguu Ilikumbukwa Mwisho: Historia ya Suruali ya Mvua Chini ya Mlima Kenya

Mvua ya Mlima Kenya haina usawa. Miteremko ya kusini-mashariki, upande wa Chuka na Chogoria, hupata hadi milimita 2,300 kwa mwaka. Ile ya kaskazini huambulia 900 hivi. Endelea kushuka kaskazini, upite Timau, upite njia panda ya Subuiga, mpaka ufike mji wa Isiolo ulio mita 1,100 tu juu ya usawa wa bahari, na mvua imeshapungua hata haifiki 700 kwa mwaka wa kawaida. Kwa hiyo mlima ule ambao wageni huujia kwa ajili ya kilele, watu wa Isiolo wanaujua kwanza kama mahali maji yanapotoka. Mito inayolisha Ewaso Ng'iro huanzia huko juu, na mawingu yanayoufunika mlima wakati wa bona, kiangazi cha Waborana, ni mvua inayowanyeshea watu wengine.

Kati ya Isiolo na kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, kuna tofauti ya karibu mita 3,900 ya kimo. Mtu anayezipanda kwa miguu hutoka kwenye joto la vumbi, akapita msituni, akaingia kwenye nyasi ndefu zilizojaa umande, halafu kwenye tope, mvua ya mawe na theluji. Juu kule nguo iliyolowa inaweza kuua. Baridi haihitaji kushuka chini ya sifuri ili imdhuru mtu: maji na upepo vikikutana juu ya ngozi, mwili hupoteza joto haraka kuliko unavyoweza kulitengeneza, na hata mapaja, yenye misuli mikubwa, hukaza. Mpandaji huanza kujikwaa, kisha huzungumza ovyo, kisha hukaa chini.

Leo dawa yake hukunjwa ikaenea kwenye kiganja. Ni suruali nyepesi isiyopenyeza maji, inayovaliwa juu ya suruali nyingine, yenye zipu pembeni ili ipite juu ya buti bila kuzivua, na uzito wa gramu mia mbili hivi. Anayepanda kupitia lango la Sirimon huiweka juu kabisa ndani ya begi, kwa sababu mvua ya alasiri mlimani haipigi hodi. Vazi hili limechukua karibu miaka 200 kufika hapa, na katika safari hiyo yote kuna jambo moja linalojirudia: mabega yalifikiriwa kwanza, miguu ikakumbukwa mwisho, na katika miguu yote ile ya mpagazi ilikumbukwa mwisho kabisa.

Watu wa kaskazini hawakungoja mgeni aje kuwafundisha jinsi ya kuyazuia maji. Wanawake wa Kiborana husuka gorfa, chombo cha maziwa cha nyuzi za mizizi zilizobanwa hata zisivujishe tone. Kwenye visima virefu vya tula vijana hurushiana okole, ndoo ya ngozi, kutoka mkono hadi mkono mpaka maji yafike juu. Nyumba ya Msomali wa kuhamahama hufunikwa mikeka inayotiririsha mvua. Ujuzi huo wote ulielekezwa kwenye kuyaweka maji yasipotee, na ulikuwa na sababu nzuri. Mvua ya nyika ni ya joto, huja kwa kishindo na kukatika, na nguo iliyolowa saa nane huwa imekauka kabla ya magharibi. Hakuna aliyehitaji kuifunika miguu yake isiguswe na kitu alichokiomba kwa miezi kadhaa. Haja ya suruali ya mvua huanza pale nguo zisipokauka tena, na pale ni juu ya mstari wa msitu.

Hadithi ya kitambaa chenyewe inaanzia Glasgow. Mwaka 1823 mkemia Charles Macintosh alipata hataza ya kuyeyusha mpira kwa nafta, mafuta yaliyokuwa masalia ya viwanda vya gesi ya makaa, kisha kuupaka kati ya vitambaa viwili vikashikamana. Maji hayakupita. Lakini kitambaa kilinuka, kilikuwa kizito, kilikakamaa kwa baridi na kunata kwa joto. Miaka ya 1840 Thomas Hancock huko Uingereza na Charles Goodyear huko Marekani walipata hataza za jambo lilelile: mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hutulia, hauyeyuki juani wala kupasuka kwenye barafu. Kuanzia hapo koti la mpira likawa vazi la kawaida, na dunia ikaanza kuutafuta mpira kila mahali.

Ikautafuta na kwetu. Katika misitu ya pwani kuna mtambaazi wa mbungo, ambao watoto wa Mrima na visiwani wanaujua kwa tunda lake chachu. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa mimea, alipeleka sampuli zake kwenye bustani ya Kew, na aina mojawapo ikapewa jina lake kwa Kilatini: *Landolphia kirkii*. Wachumaji waliuchanja mtambaazi, wakaugandisha utomvu, wakauviringisha kuwa madonge. Madonge hayo yakashuka hadi bandarini, yakavuka bahari, yakaingia viwandani Ulaya, na huko yakawa mipira ya mashine, matairi, viatu na vitambaa vya mvua. Nchi iliyotoa mpira huo ndiyo iliyotoa pia wapagazi waliopanda milima ya ndani bila uzi mmoja uliopakwa mpira. Mambo hayo mawili yalitendeka katika kizazi kimoja, na sidhani yanaweza kusimuliwa mbalimbali.

Mwaka 1887 Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walipita Laikipia na msafara ulioanzia pwani huko Pangani, wakiwa na mfanyabiashara wa pembe Jumbe Kimemeta aliyezijua njia za Umasaini. Teleki aliupanda Mlima Kenya hadi juu ya mita 4,300 kabla ya kurudi. Miaka mitano baadaye William Astor Chanler, akiwa na huyohuyo von Höhnel, alizifuata nyayo za Ewaso Ng'iro katika nchi ambayo sasa ni kaunti ya Isiolo, akateremka na mto hadi kinamasi cha Lorian. Maporomoko aliyoyakuta njiani bado yanaitwa kwa jina lake. Katika safari hizo zote mzigo ulikuwa juu ya vichwa vya watu wa pwani, na vazi lao lilikuwa merikani, pamba nyembamba inayofaa Bagamoyo na Pangani. Pamba ikilowa hung'ang'ania ngozi na kuinyonya joto lake. Ni heri kutembea uchi kwenye jua kuliko kuvaa pamba iliyolowa kwenye upepo wa mita 4,000.

Kilele kilifikiwa mwaka 1899. Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford, aliondoka Nairobi, ambayo wakati huo ilikuwa kambi ya reli yenye miezi michache tu, na kikosi cha Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na waongozaji wawili wa Kimaasai. Mwaka ule nchi ilikuwa na njaa kali na ndui. Chakula hakikupatikana kwa urahisi, na Waswahili wawili waliuawa walipotumwa kukitafuta. Tarehe 13 Septemba Mackinder, mwongozaji César Ollier na Joseph Brocherel, wawili hao wakiwa watu wa milimani kutoka Courmayeur, walisimama juu ya Batian, mita 5,199. Vitabu vya upandaji vimeyahifadhi majina hayo matatu. Waliobeba mahema, unga na kamba hadi bonde la juu, mahali ambapo maji hugeuka barafu usiku hata karibu na moto, wengi wao hawana jina katika vitabu hivyo, achilia mbali nguo waliyoivaa.

Wakati huohuo, mbali sana na Mlima Kenya, suruali ya mvua ilikuwa tayari imeshazaliwa. Mwaka 1877 nahodha Helly Juell Hansen na mkewe Maren Margarethe, katika mji wa Moss huko Norway, walianza kuloweka kitani katika mafuta ya kitani na kushona makoti na suruali za mabaharia. Baharia ni mtu anayeketi ndani ya maji. Wimbi humpiga kiunoni, na hana haja ya kupiga hatua elfu ishirini kwa siku. Suruali nzito ya mafuta ilimfaa. Anayetembea ni mtu mwingine: mapaja yake ni mtambo unaotoa joto na jasho bila kukoma, na suruali isiyopitisha chochote humlowesha kwa ndani sawasawa na mvua inavyomlowesha kwa nje. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 80 askari, wasafiri na wapandaji walipewa kepu. Kepu hufunika mabega na begi, huacha hewa izunguke, kisha humwaga maji yote kwenye magoti.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoifanya Isiolo ishuhudie jambo hili kwa karibu. Mwaka 1940 na 1941 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliyokuwa yakiisukuma Italia kutoka Ethiopia yalipitia hapa, kwani mji ulikuwa mlango wa barabara ya Marsabit na Moyale. Addis Ababa ilipoanguka, mateka wa Kiitaliano walimiminika upande wa pili, kusini, na wengi wakafungiwa Kenya. Kambi namba 354 ilikuwa Nanyuki, safari fupi kutoka Isiolo, na mlima ukiikabili waziwazi.

Humo alikuwamo Felice Benuzzi, ofisa wa serikali ya Italia aliyekamatwa Ethiopia. Alichoka na kungoja. Akiwa na daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, aliamua kutoroka kambini ili kupanda mlima, kisha arudi. Hawakuwa na ramani: walichokuwa nacho ni picha ya mlima iliyochapishwa kwenye kopo la nyama na mboga la chapa ya Kenylon. Walitengeneza mashoka ya barafu kwa nyundo, na njumu za kukanyagia barafu kwa vipande vya madigadi ya magari na seng'enge. Kamba waliipata kwenye katani ya vitanda vyao. Na nguo za kuzuia upepo na baridi zilishonwa kwa mablanketi ya kambini.

Sehemu hiyo ya mablanketi inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha wazi hali ya vazi la mlimani kabla ya nailoni. Sufu ni rafiki mwema: hata ikilowa hubakiza joto kidogo, jambo ambalo pamba haiwezi. Lakini blanketi hunywa maji. Suruali ya blanketi iliyolowa huongezeka uzito mara kadhaa, huvutwa chini na maji yake yenyewe, na ikipigwa na baridi ya usiku hukakamaa kama ubao. Watatu hao walitoka Januari 24, 1943, katikati ya kiangazi, wakaufuata mto kuingia msituni. Barsotti aliugua akabaki kambi ya juu. Benuzzi na Balletto waliujaribu ukingo wa kaskazini-magharibi wa Batian wakarudishwa na dhoruba ya theluji. Februari 6 walifika Lenana, wakasimika bendera ya Italia na kuacha chupa yenye majina yao. Februari 10 walijirudisha kambini wenyewe, wakiwa mifupa mitupu. Mkuu wa kambi aliwahukumu siku 28 za kufungiwa peke yao, kisha akawaachia baada ya saba kwa heshima ya walichokifanya. Benuzzi alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake *Fuga sul Kenya* cha mwaka 1947, na kimewavuta watu wengi kwenye mlima huu. Mimi hukisoma pia kama ushahidi wa mambo ya nguo: watu hodari, wenye akili na mikono mizuri ya kazi, walipata njia ya kuunda chuma na kamba, lakini hawakuwa na njia yoyote ya kuunda kitambaa kinachoyakataa maji.

Mwaka mmoja na nusu baadaye watu wa kwetu walilipia upungufu huohuo kwa bei kubwa zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake wa King's African Rifles walitoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, wengi wao wakiamrishwa kwa Kiswahili, ilipelekwa Burma. Kuanzia Agosti 1944 iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni, ikiwafukuza Wajapani kutoka Tamu kuelekea mto Chindwin, hadi ikaishika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Barabara zilikuwa uji. Malori yalizama, na ndege zikadondosha chakula. Katika jeshi la Uingereza kinga ya mvua ilikuwa turubai la mpira ambalo mchana lilivaliwa kama kepu na usiku likatandikwa chini, kwa hiyo aliyelilalia hakuwa na cha kujifunika, na aliyejifunika alilala juu ya tope. Chini ya kiuno hakukuwa na kitu. Ngozi ya miguu iliyolowa wiki baada ya wiki hulainika, huchubuka, huoza, na ruba huingia kwenye kila mwanya. Wazee waliorudi kutoka huko walisimulia mabomu, malaria na mvua kwa sauti moja, wala hawakuiweka mvua ya mwisho.

Vita hivyohivyo vilieneza nailoni, nyuzi iliyobuniwa na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont mwaka 1935. Kwanza ilishonwa soksi, kisha miavuli ya askari wa anga. Amani iliporejea, viwanda vilijifunza kuipaka poliurethani upande wa ndani, na kufikia miaka ya 1960 mtembea milima wa Uingereza aliweza kununua koti na suruali ya nailoni iliyokunjika ikawa ndogo kuliko mkate. Hapo ndipo miguu ilipofikiwa kwa mara ya kwanza na kitu chepesi. Hata hivyo tatizo la baharia na mtembeaji lilikuwa palepale. Ukiivaa suruali ile ukapanda kwa bidii kwenye tope la njia ya Naro Moru, ulifika juu ukiwa umelowa jasho, na ulipokaa kupumzika jasho lile likapoa. Wengi waliona ni afadhali kulowa mvua.

Katika miaka hiyo Kenya ilipata uhuru, na usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963 Kisoi Munyao alipeleka bendera mpya kwenye kilele cha Lenana. Tanganyika ilikuwa imefanya vivyo hivyo miaka miwili kabla, Luteni Alexander Nyirenda alipopanda na mwenge na bendera hadi juu ya Kilimanjaro. Waafrika sasa walisimama kileleni kwa majina yao, na magazeti yakayaandika.

Ufumbuzi wa jasho ulipatikana kwa mtu aliyekosa subira. Mwaka 1969 Robert Gore, katika kampuni ya baba yake huko Delaware, alikuwa akijaribu kuvuta fimbo za PTFE, plastiki ileile inayozuia chakula kisishike kwenye sufuria. Kila alipozivuta polepole zilikatika. Akaivuta moja kwa ghafla, kwa nguvu, nayo ikarefuka mara kadhaa bila kukatika. Alichokipata kilikuwa utando mweupe uliojaa vitundu visivyoonekana kwa macho, vidogo mno kwa tone la maji kupita, lakini vikubwa vya kutosha kwa mvuke wa jasho. Hataza ilitolewa mwaka 1976, na mwaka uliofuata duka la Early Winters la Seattle lilikuwa likiuza mavazi ya mvua ya kitambaa hicho, Gore-Tex. Kampuni nyingine zilifuata na tando zao.

Watu wengi hudhani utando huo husukuma jasho nje wenyewe. Sivyo. Mvuke huenda kutoka kwenye unyevu mwingi kuelekea kwenye unyevu mdogo, na kutoka kwenye joto kuelekea kwenye baridi. Ukivaa suruali hiyo Lenana saa kumi na mbili asubuhi, ngozi ikiwa na joto na hewa ya nje kavu na baridi, hufanya kazi vizuri sana. Ukiivaa kwenye msitu wa Chogoria, hewa ikiwa imeshiba maji, mvuke hauna pa kwenda. Tena kitambaa cha nje hupakwa dawa inayofanya matone yaviringike na kuanguka. Dawa ikichakaa kwa matope, moshi na mafuta ya ngozi, kitambaa hulowa, utando huzibwa, na aliye ndani husema suruali imevuja ilhali anajilowesha kwa jasho lake. Kuifua kwa sabuni laini, kuisuuza vizuri na kuipasha joto kidogo huirudishia nguvu. Hili ni jambo dogo ambalo lingeokoa suruali nyingi zinazotupwa.

Suruali ina shida zake ambazo koti halina. Begi hukandamiza koti mabegani, ndiyo, lakini suruali hukaliwa, hupigiwa magoti, hukwaruzwa na miamba na kuchanwa na njumu. Kitambaa hupimwa kwa urefu wa safu ya maji kinachoweza kuibeba kabla ya kuvuja, na uzito wa mtu aliyepiga goti kwenye tope ni mzigo mkubwa kuliko mvua yoyote inayoanguka. Kwa hiyo kila gramu inayopunguzwa ina bei yake: suruali nyepesi kabisa huenea mfukoni lakini haitavumilia misimu miwili ya kazi ya kila wiki. Kwa mgeni wa siku tano inatosha. Anayepanda mara kumi kwa mwaka akiwa na kilo 20 mgongoni anahitaji kitambaa kinene, hata kama atalalamikia uzito. Siku hizi baadhi ya watembea masafa marefu wa Marekani wameiacha suruali kabisa na kujifunga kitambaa cha mvua kiunoni, kinachoacha hewa ipite chini. Mzee yeyote wa Isiolo aliyevaa kikoi maisha yake yote angewaelewa mara moja.

Lakini ni nani aliyevaa uvumbuzi huu? Kwa miongo kadhaa ungeweza kuutofautisha msafara mlimani kwa miguu: mteja na suruali ya utando, mwongozaji na suruali ya zamani aliyoachiwa na mteja, pota na jinzi. Jinzi ni pamba nzito, na kwenye mvua ya mita 4,200 pale kambi ya Shipton's ni adhabu. Huko Moshi, mwaka 2003, lilianzishwa shirika la kuwatetea wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, na moja ya kazi zake ni kuwaazima bure nguo za mlimani, suruali za mvua zikiwamo. Kazi hiyo ilitambua jambo ambalo misafara iliyotangulia ililiacha: mtu anayebeba hema la mwingine ana mwili uleule unaopoa. Naliona hilo ni tukio kubwa katika historia hii kuliko fimbo ya Robert Gore, ingawa haliandikwi pamoja nayo.

Upande wa Mlima Kenya nguo nyingi za namna hii hupatikana kwa kukodi Nanyuki na Naro Moru, au kwa mitumba. Kwenye marobota kutoka Ulaya na Amerika, kati ya suruali za michezo na za watoto, hutokea suruali ya mvua iliyotumika mara mbili tatu. Mwenye duka anaweza asiijue, akaiuza kwa bei ya tracksuit. Isiolo wanunuzi wake wakubwa hawapandi mlima. Ni waendesha boda boda, ambao upepo wa pikipiki huwapiga mvua miguuni moja kwa moja, na madereva na mataniboi wa miraa wanaotelemka usiku kutoka Maua kwenye baridi ya Nyambene. Anayekutana na suruali ya madoadoa ya kijeshi aiache. Waingereza hufanya mazoezi Archer's Post, wanajeshi wetu wana shule yao ya askari wa miguu papa hapa Isiolo, na raia kuvaa sare za kijeshi ni kosa la jinai nchini Kenya, hata kama anaogopa mvua tu.

Kuna wengine wanaopanda bila begi wala mwongozaji. Katika ukame wa mwaka 2009, malisho ya nyika yalipokwisha, wafugaji wa kaskazini walipandisha ng'ombe wao hadi kwenye misitu ya Mlima Kenya. Walikwenda kutafuta maji na nyasi, nao wakazipata pamoja na kile ambacho nyika haikuwafundisha wao wala mifugo yao: mvua ya baridi inayonyesha usiku kucha, na nguo ambazo hazikauki kesho yake. Kijana wa Kisamburu au Kiborana anayelala msituni na kundi akiwa na shuka na kandambili yuko katika hali ileile ya mpagazi wa 1899. Ukame umerudi zaidi ya mara moja tangu hapo, na mlima umebaki kimbilio. Panapopangwa msaada wa ukame huzungumzwa maji, nyasi na chakula cha watu, na ni sawa. Nguo ya kuzuia mvua kwa wachungaji wanaopanda ingestahili kuwa kwenye orodha hiyo.

Limebaki suala la dawa. Kilichofanya vitambaa hivi viyakatae maji kwa nusu karne ni kemikali za florini ambazo hazivunjiki katika maumbile. Moja yao, PFOA, iliyotumika sana katika utengenezaji wa bidhaa hizo, iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2019, na Kenya ni mwanachama wa mkataba huo. Kuanzia 2022 kampuni ya Gore yenyewe ilianza kuuza utando mpya wa polietilini usio na florini, na washonaji wakubwa wameanza kuiacha dawa ya zamani ya nje. Dawa mpya huisha haraka zaidi, kwa hiyo suruali mpya itahitaji kufuliwa na kupakwa mara nyingi kuliko ile ya mwanzo. Wengine watalalamika. Ila mito ya upande wa kaskazini wa mlima inaingia Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro inanywesha watu na mifugo ya Isiolo hadi Merti na kuendelea, kwa hiyo kinachosuuzwa kutoka kwenye nguo kule juu kina wa kukinywa huku chini.

Suruali za zamani zitaendelea kuwasili kwenye marobota kwa miaka mingi bado. Anayeichagua sokoni aigeuze ndani nje kwanza. Mpako wa poliurethani uliozeeka hunata vidoleni, kisha hubanduka kwa magamba, na hakuna fundi anayeweza kuurudisha. Utepe unaofunika mishono ukiwa umeinuka kidogo tu, bado unaweza kugandishwa tena kwa pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa kikavu. Zipu za pembeni zifike gotini angalau, ama sivyo itabidi avue buti kila mvua inapoanza.